Mzee Aliyekatazwa Kushangilia

Kila mwaka hawakosi kuja. Makocha wa shule kubwa za Dallas na Houston, wanaume wenye kofia safi na vitambi vya ofisini, huegesha magari yao mbele ya shule ya sekondari ya Mackey Bend na kuuliza swali lile lile: siri yenu ni nini? Kashule kenyewe kadogo, mji una taa moja tu ya barabarani na hiyo yenyewe huwaka ikijisikia, lakini timu yake ya mpira, Nyigu wa Mackey Bend, inaingia kwenye mtoano karibu kila msimu utadhani wanakwenda dukani kununua chumvi. Basi wageni hupelekwa kwa Kocha Dubose, naye, kwa kuwa ni mpole kupita kiasi, huwaeleza kila kitu. Watoto wa darasa la saba hapa hufundishwa mbinu zile zile za kaka zao, kwa majina yale yale. Mwalimu wa vijana wa mbele ni yule yule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mtoto asipokuja mazoezini, kuna mtu anakwenda kugonga mlango kwao. Wageni wanaandika, wanashukuru, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda jukwaani kumuuliza Mzee Lavoyd Tillery. Shauri yao.

Lavoyd Tillery aliendesha malori ya magogo mpaka goti lilipomgomea. Ni mtu wa mwili mkubwa, mikono mikubwa, na sauti. Jamani, hiyo sauti! Kwenye kanisa la Kibaptisti la Mount Gilead yeye hukaa benchi la pili kutoka mbele, na akisema "Amina!" watoto waliolala wanashtuka na waliokuwa macho wanalia. Mhubiri mgeni mmoja aliwahi kuruka kando akidhani dari limeanguka. Akicheka kwenye duka la kinyozi, watu wa ng'ambo ya barabara nao wanatabasamu bila kujua wanachekea nini.

Lakini Ijumaa jioni, taa za uwanja zikiwashwa, mtu huyo huyo alikuwa bubu.

Mpira wa Mackey Bend si ule wa miguu. Ni ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili, na vijana wanaubeba mikononi huku wenzao wakiwapiga vikumbo. Timu hupewa nafasi nne za kuusogeza mbele yadi kumi. Ikizipata, inaanza kuhesabu upya. Ikizikosa, mpira unakwenda kwa adui. Yadi hizo kumi hupimwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye fimbo mbili ndefu za rangi ya machungwa, na fimbo hizo hushikwa pembeni mwa uwanja na wenyeji wawili. Wa kwanza alikuwa Boyce Hatchett, kinyozi. Wa pili alikuwa Lavoyd, tangu ujana wake.

Na mshika fimbo hana timu. Kabla ya kila mechi refa huwakusanya washika fimbo na kuwaambia: "Usiku huu nyinyi ni wangu." Hakuna kupiga makofi, hakuna kupiga mluzi, hata kutabasamu kusizidi. Lavoyd aliishika kanuni hiyo kwa roho moja. Hata watu wa Sallis, mji wa jirani na mahasimu wetu, ambao wakiona kitu chochote kutoka Mackey Bend kwanza wanakinusa, hawajawahi kulalamikia fimbo yake. "Tillery akisema imefika, imefika," walikuwa wakisema, na kwa Lavoyd maneno hayo yalikuwa matamu kuliko pai ya viazi vitamu.

"Ijumaa ndiyo siku masikio yangu yanapumzika," mkewe, Bibi Earlene, alikuwa akiwaambia wenzake. Naye alikuwa akijidanganya, maana kelele za Ijumaa alizipiga yeye. Bibi Earlene alikaa safu ya nne juu ya mto wake wa kukalia, amejifunga blanketi la rangi za Nyigu, na hakuna refa aliyepona. Aliwafokea wote, tena kwa haki. Mwaka mmoja refa aliwapa Nyigu mpira ambao haukuwa wao, na mji mzima ukashangilia. Bibi Earlene akasimama peke yake: "Wewe! Una macho au una vifungo vya koti? Mpira wa Sallis huo! Warudishie watoto wa watu!" Watu wa Mackey Bend walimnunia wiki nzima. Hakujali hata kidogo.

Basi ilikuwa Alhamisi, kesho yake mechi na Sallis, na ukumbi wa kanisa ulinukia nyama. Kila Alhamisi ya msimu Bibi Earlene na akina mama wenzake huwalisha vijana: nyama ya kifua iliyookwa kwa moshi tangu alfajiri, maharage, bamia za kukaanga, mkate wa mahindi, chai baridi yenye sukari ya kung'oa meno. Na utaratibu wa Alhamisi ni mmoja, haujawahi kuvunjwa: ukuta kwanza. Ukuta ni wale vijana watano wanene wa mbele, kazi yao ni kuzuia ili wengine wapite. Hawaushiki mpira. Hawafungi. Mtangazaji hawataji. Mwaka fulani mrushaji mmoja, yule anayeurusha mpira na kutoa amri, mwenye majivuno, alijipenyeza mbele ya foleni na sahani yake, Bibi Earlene akampiga mkononi kwa mwiko.

"Wewe kesho utalishwa sifa," alimwambia. "Hawa nawalisha leo. Rudi nyuma."

Mbele ya foleni usiku huo alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Marquel, kijana mkubwa kama jokofu na mpole kama bibi harusi, aliyecheza upande wa kulia wa ukuta. Alikuwa mwaka wa mwisho. Alikaa mkabala na babu yake, sahani yake imerundikwa mpaka haionekani ukingo.

"Babu," alisema, mdomo umejaa mkate wa mahindi, "Jumapili ulimpigia kelele mhubiri mgeni mpaka akasahau alipofika."

"Alikuwa anasema kweli."

"Na juzi ulimshangilia Bibi alipotoa pai kwenye oveni."

"Pai ile ilistahili."

"Sasa mimi je?"

Vijana wa ukuta wakaangua kicheko. "Mwambie, Marquel! Mwambie!"

"Nacheza tangu darasa la saba," Marquel aliendelea, naye akicheka. "Kesho ndiyo mechi yangu ya mwisho hapa nyumbani. Sijakusikia hata siku moja, Babu. Nikigeuka nakuona umesimama tu kama nguzo ya umeme."

"Kanuni unaijua, mwanangu. Nikishika fimbo sina timu."

"Naijua. Nakutania tu."

Lakini alikuwa ameacha kula. Marquel, kuacha kula! Alikuwa akisukuma bamia moja huku na huku kwa uma. Lavoyd akaona.

"Sikiliza," alisema. "Filimbi ya mwisho ikilia tu, nitakupigia kelele mpaka ng'ombe wa Sallis wakatike maziwa."

"Filimbi ya mwisho ikilia kila mtu anapiga kelele," Marquel alisema taratibu. "Nitakujuaje?"

Lavoyd alikwenda nyumbani na maneno hayo kifuani. Alimfikiria pia Reggie, mwanawe, baba yake Marquel, ambaye sasa alikuwa kwenye mitambo ya mafuta huko baharini, wiki nyingi juu ya maji. Reggie naye alicheza ukuta, upande ule ule wa kulia, na baba yake alisimama pembeni akiwa bubu misimu yote. Tofauti ni kwamba Reggie hakuwahi kuuliza. Lavoyd aligeuka kitandani mpaka Bibi Earlene akamwambia akalale na mbwa.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kwa Boyce.

"Nitafutie mtu wa kushika fimbo yangu leo."

Boyce alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Nani? Mchungaji? Atamhubiria refa. Rudy wa posta? Yule wimbo wa shule tu unamliza. Lavoyd, mji huu una watu wawili wanaoweza kufunga mdomo siku ya Ijumaa. Mmoja ni mimi, nimezaliwa hivi. Wewe hata sijui unawezaje."

"Siwezi," Lavoyd alisema. "Najikaza tu."

"Basi jikaze mara moja zaidi. Ni Sallis, rafiki yangu. Na anayeshinda anakwenda mtoano. Ukiweka mtu mwingine kwenye fimbo usiku wa Sallis, kesho tutakuwa mahakamani."

Lavoyd alijua ni kweli. Aliiweka sawa kofia yake, akaenda zake.

Jioni kulikuwa na baridi nzuri, ile ya kufanya pumzi ionekane. Uwanja ulifurika. Waliokosa viti walisimama kwenye uzio, na waliokosa uzio walipanda juu ya magari. Nyigu na Fahali wa Sallis wakikutana si mechi ile, ni kesi ya ukoo. Bendi ya shule ilipuliza mpaka mashavu yakawauma, harufu ya soseji na vitunguu ikatanda kila mahali, na refa, Bwana Fontenot, mtu wa shingo nene na maneno machache, akawaita washika fimbo.

"Usiku huu nyinyi ni wangu."

"Ndiyo, bwana," Boyce akasema.

Lavoyd aliitikia kwa kichwa tu.

Mechi ilikwenda kama mechi za Sallis zinavyokwenda, huyu anafunga, yule anarudisha, wazee wanashika vifua. Robo ya mwisho ikafika Nyigu wakiongoza kwa pointi moja, na mpira wakiwa nao wao. Hesabu ilikuwa rahisi na kila mtu uwanjani aliijua. Nyigu wakiendelea kuushika mpira mpaka saa iishe, wameshinda. Wakiupoteza, Sallis wana mpiga teke ambaye akilenga hakosi.

Sasa, Nyigu wakiwa na mpira, watu wa Mackey Bend hunyamaza. Wamefundishwa hivyo, kuanzia mtoto wa chekechea, ili vijana wamsikie mrushaji wao anapotoa amri. Wageni wakija mara ya kwanza hushangaa: watu wote wale, na unasikia bendera ikipigwa na upepo.

Mpira ulikuwa upande wa Lavoyd kabisa, karibu na mstari. Mrushaji akampa mkimbiaji, Deshon Pickett, naye akaja upande wa kulia, na mbele yake alikuwepo Marquel. Lavoyd aliona yote, maana ilitokea pale pale miguuni pake. Marquel alimkumba jamaa wa kwanza wa Sallis, akamlaza. Badala ya kubaki pale na kujisifu, akainuka kwa goti moja na kumkinga wa pili kwa bega, akamsukuma mpaka wote wawili wakaanguka kwenye majani. Mkimbiaji akapita katika upenyo ule, akapata yadi kadhaa, akaangushwa.

"Deshon Pickett!" mtangazaji akapaza. "Deshon Pickett tena!"

Makofi. Kisha kimya kikarudi, vijana wakaanza kukusanyana kupanga mchezo ufuatao. Na Marquel ndiyo kwanza anainuka. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Alimpa mkono yule kijana wa Sallis aliyeanguka naye, akamvuta juu, akamwekea sawa kofia yake ngumu iliyokuwa imepinda, akampiga kidogo mgongoni. Halafu akaanza kurudi kwa wenzake akichechemea.

Kitu kikapanda kutoka tumboni kwa Lavoyd. Alikisikia kikija. Alikaza meno, alikaza mikono kwenye fimbo, wapi!

"MARQUEL LAVOYD TILLERY! NIMEKUONA, MWANANGU! NIMEKUONA! AMINA!"

Upande wa Sallis mtoto mchanga akaanza kulia. Mpiga ngoma wa bendi akaangusha kijiti. Mtangazaji mwenyewe akasema "Eeh?" kwenye kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia. Lavoyd aligeuka kuangalia ni nani aliyepiga kelele, mpaka alipomwona Boyce amefunika uso kwa kofia.

Katikati ya uwanja Marquel alikuwa amesimama. Hakugeuka mara moja. Alisimama tu, mikono imening'inia, halafu akageuka akamtazama babu yake, na kutoka pale pale pembeni Lavoyd akayaona meno yake yote nyuma ya vyuma vya kofia.

Bwana Fontenot akasimamisha saa, akaja polepole.

"Mzee Tillery. Huyo alikuwa wewe?"

"Mimi, bwana."

"Kanuni unaijua."

"Naijua kukuzidi wewe."

Fontenot akakuna shingo. Kwa kweli hakutaka kumtoa. Mara wakasikia hatua nzito: kocha wa Sallis, Ruckman, mwekundu wa uso, amevuka uwanja mzima mbio na ubao wake kwapani. Watu wa Mackey Bend wakasimama tayari kwa ugomvi.

"Mwache mzee!" Ruckman akasema akihema. "Huyu hajanidhulumu hata inchi moja tangu nianze kazi. Mwache na kelele yake moja. Ningekuwa na mjukuu kama yule ningepiga kelele tangu Agosti."

"Mimi sina neno," Fontenot akasema. "Mzee, tuendelee?"

Hapo ndipo Lavoyd angeweza kusema ndiyo. Aliitamani ndiyo hiyo, usidhani hakuitamani. Fimbo ilikuwa mkononi, imechakaa pale pale vidole vyake vinaposhika. Alimtazama Ruckman, akautazama ubao wa matokeo, ile pointi moja.

"Hapana," akasema. "Dakika chache zijazo mtaita mnyororo. Ikifika, watu wa Sallis watasema ni yule mzee aliyepiga kelele. Na watakuwa na haki ya kusema. Nitoeni."

"Sasa nani atashika?"

Ruckman akageuka akatazama jukwaa la Mackey Bend, macho yakapanda mpaka safu ya nne, akanyoosha kidole.

"Namtaka yule."

"Nani?" Boyce akauliza kwa hofu.

"Yule mama wa blanketi. Ndiye aliyemwambia refa ana vifungo vya koti badala ya macho, mpira ukarudi kwetu. Yule hadanganyi. Akiweza kunyamaza, nampokea."

Nakwambia, jukwaa lilicheka mpaka mbao zikatikisika. Bibi Earlene aliteremka ngazi moja moja akishikwa mikono. "Mimi? Ninyamaze? Mniombee, kwa kweli mniombee!" Alipofika chini alimkabidhi mumewe blanketi, naye akamkabidhi fimbo.

"Umeharibu," mkewe akamnong'oneza.

"Najua."

"Umechelewa sana kuharibu." Akamfinya mkono kwa nguvu, akageuka, akafunga mdomo wake.

Lavoyd akapanda ngazi. Watu wakasimama wote, wengine wakimpiga mgongoni, wengine wakimkumbatia bila kusema kitu, maana Nyigu walikuwa na mpira. Akakaa kwenye mto wa mkewe, bado una joto. Alikuwa hajawahi kuuona uwanja kutoka juu. Alishangaa jinsi vijana walivyoonekana wadogo.

Nafasi ya pili, wakazuiwa. Ya tatu, wakasogea kidogo. Ya nne ikafika, na walihitaji yadi moja tu. Kocha Dubose hakutaka kuupiga mpira teke uende mbali na kuwaachia Sallis. Alinyoosha mkono kulia, upande wa Marquel, kama mtu anayeonyesha njia ya kwenda dukani. Kila mtu wa Sallis aliona. Fahali wote wakajazana pale.

Mpira ukatoka. Ukuta ukavunjikia ukuta, mkimbiaji akapotelea ndani ya lile rundo la miili, na refa akachimba rundo mpaka akaupata mpira chini. Akatazama, akatazama tena. Akaita mnyororo.

Bibi Earlene na Boyce wakaingia uwanjani na fimbo zao. Hakukuwa na sauti, si Mackey Bend, si Sallis. Boyce akasimamisha yake nyuma. Bibi Earlene akaivuta ya mbele mpaka mnyororo ukanyooka, akaisimika kando ya mpira, akainama. Yeye ndiye aliyeona kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Kutoka safu ya nne Lavoyd alimsoma mabega, maana ameishi na mabega hayo maisha yake yote. Mabega yalianza kutetemeka. Aliing'ata midomo yote miwili, akatazama juu mbinguni, machozi yakamtoka, na hakusema neno. Hata kidogo. Ncha ya mpira ilikuwa imepita fimbo kwa upana wa kiganja.

Ruckman akasogea, akainama, akatazama. Akaivua kofia yake. "Imefika," akasema.

Refa akanyoosha mkono mbele, Mackey Bend ikalipuka, na juu ya kelele zote hizo, bendi na ngoma na honi za magari, ilisikika sauti moja ya dereva wa magogo ikiita majina. Aliita la Marquel. Halafu akaona ni kosa kuishia hapo, wakati wapo watano. Akawaita wote, kila mmoja na jina lake la katikati, kama mama anavyoita mtoto aliyefanya jambo: "DARNELL WAYNE OSTEEN! JESÚS RAÚL CANTÚ!" Wale vijana wanene, walioinuka kutoka chini ya rundo wakiwa na majani puani, wakawa wanageuka mmoja mmoja kutafuta nani anawaita. Mama yake Osteen, chini kidogo, alikaa kitako akaanza kulia.

Saa ikaisha. Marquel alikuja mpaka kwenye uzio, kofia mkononi, kichwa kinatoka mvuke.

"Babu, nilikusikia."

"Mtu wa Beaumont naye amenisikia."

"Hapana, ile ya kwanza," Marquel alisema. "Kulikuwa kimya. Ilikuwa jina langu tu." Kisha akaweka paji la uso kwenye bega la babu yake, jasho, tope na yote. Lavoyd akamshika kisogo.

Bibi Earlene alirudisha fimbo, akapeana mkono na refa, akapanda gari, akafunga mlango. Mdomo bado umefungwa. Walipopita taa ya mji akavuta pumzi, akashusha kioo, na kila kilichokuwa kimekwama tumboni tangu akabidhiwe fimbo akakitoa barabarani. Mbwa walibweka mpaka kwa akina Hatchett. Lavoyd alicheka mpaka ikabidi aegeshe.

Fimbo haikurudi kwake. Msimu uliofuata marefa walimtaka Bibi Earlene, na Sallis wakasema wasipompata yeye hawachezi. Anasema ni mateso na hamwachii mtu. Lavoyd yuko safu ya nne, kwenye mto. Akina mama wa vijana wa ukuta humkamata mlangoni pa kanisa Jumapili wamfundishe majina: "La katikati ni Ezekiel, Mzee, usije ukasahau." Na kule darasa la saba, ambako zamani kila mtoto alitaka kuwa mrushaji na Kocha Dubose alikuwa akiwabembeleza wanene kwa soda, siku hizi vijana wanasukumana kuingia ukutani. Wanataka kuitwa. Wageni wa Dallas wanakaa chini kabisa, karibu na kocha, wanaandika mbinu, na yule mzee anayepayuka huko juu wanamwona ni kero.

Novemba iliyofuata Reggie alipata likizo kutoka kwenye mitambo, akaja kutazama mechi. Alikaa kando ya baba yake, mtu mzima, mvi kwenye ndevu, koti la kazini mwilini. Nyigu walikuwa na mpira, watu wamenyamaza. Kijana mpya wa upande wa kulia akafanya kazi nzuri, Lavoyd akamwita kwa majina yake matatu, akakaa. Kisha akasimama tena. Watu wakatazama uwanjani kuona ni nani mwingine aliyefanya jambo, wala hawakuona mtu.

"REGINALD JAMES TILLERY!" Lavoyd aliita, akiutazama upande wa kulia wa uwanja. "NILIKUONA! KILA IJUMAA, MWANANGU, NILIKUONA!"

Reggie alishusha kofia yake mpaka ikamfunika macho. Pembeni mwa uwanja Bibi Earlene alikuwa na fimbo mkononi, mgongo umenyooka, na hakuruhusiwa kusema kitu.